Kufuli Lisilo na Jicho

Runzewe ni mji wa barabara. Malori yanayopakia Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo hupita hapa, Kahama na Ushirombo zikiwa zimebaki nyuma, Nyakanazi na Lusahunga zikiwa mbele kabla ya kuufikia mpaka wa Rusumo. Mji huu umehamishwa mkoa bila wenyewe kujongea hata hatua moja: hadi 2012 ulihesabiwa Shinyanga, kisha mkoa wa Geita ukaundwa na wilaya ya Bukombe ikaingizwa humo. Mazoea ya Shinyanga yamebaki, na hesabu za dhahabu za Geita zimeongezeka juu yake.

Basi linaloingia Runzewe saa nane za usiku siku hizi linaonwa na wawili. Wa kwanza ni mama lishe aliyekesha na jiko lake la mkaa akisubiri abiria wenye njaa. Wa pili ni kompyuta. Tangu Oktoba 2023, mabasi ya mikoani yaliporuhusiwa tena kusafiri saa 24 baada ya zuio lililodumu tangu miaka ya 1990, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, imekaza usimamizi wa kifaa kinachoitwa VTS. Kifaa hicho kinakaa ndani ya basi na kutuma habari ya mahali lilipo na mwendo wake. Dereva naye ana kitufe chake cha utambuzi anachokigusisha ili ijulikane nani yuko kwenye usukani. Akivuka kilomita 80 kwa saa, kumbukumbu inabaki, hata kama barabarani hapakuwa na askari.

Nasema mapema kwamba jicho hilo nalitaka. Barabara zetu zimezika watu wengi mno, na dereva anayejua kwamba anatazamwa huinua mguu. LATRA imewahi kusimamisha leseni za mabasi yaliyokutwa yamechezea VTS, na hilo nalo naliunga mkono. Ila kila ninapoketi kwenye basi la usiku hunijia swali ambalo sijawahi kulisikia likiulizwa stendi: skrini ile inafunguliwa na nani? Tajiri wa basi tu, mamlaka tu, au pia kijana wa kampuni iliyofunga kifaa, na rafiki yake, na mtu aliyempa soda? Kifaa kinachojua mwendo wa basi kinajua pia dereva anasimama wapi, analala mji gani, na kila Ijumaa anapitia kwa nani.

VTS ni mfano mmoja wa kile wataalamu wanachokiita mtandao wa vihisi: vidude vingi vidogo, kila kimoja kikipima jambo lake, iwe mwendo, maji, umeme au joto, na kupeleka vipimo vyake kwenye seva moja iliyo mbali. Mita za umeme zimo. Mabomba ya maji ya kulipia kabla yamo. Sola za mkopo zenye laini ya simu ndani yake, zinazozimwa kutoka mjini mteja akichelewesha malipo, zimo pia. Miradi hii ikiandikwa, kurasa nyingi huenda kwenye kufuli: nani apate huduma, nani asipate, asiyelipa azimwe vipi. Jicho huja bure ndani ya kifurushi kile kile, na halina ukurasa wake.

Nami nimefika mahali naamini kwamba kufuli linaweza kutengenezwa bila jicho. Ushahidi wangu umebandikwa ukutani mwa nyumba nyingi za nchi hii, na hatujawahi kuutazama hivyo.

Ni LUKU. Lipa Umeme Kadiri Unavyotumia imekuwa nasi tangu miaka ya 1990, nasi tumeizoea kiasi kwamba hatuoni maajabu yake. Unanunua umeme kwa wakala au kwa simu, unapewa tarakimu 20 ziitwazo tokeni, unazibonyeza kwenye mita, taa zinawaka. Ndani ya tarakimu hizo, kwa hesabu za siri, kuna kiasi cha uniti ulizonunua na wakati tokeni ilipotengenezwa, na vyote vimefungwa kwa ufunguo wa mita yako peke yake. Ndiyo maana tokeni ya jirani haiingii kwako hata ukiibembeleza. Wakati huo huhesabiwa kwa dakika kuanzia mwanzo wa 1993, na nafasi iliyotengwa kuuhesabia ilitosha dakika milioni 16 na ushei tu. Dakika hizo zilimalizika tarehe 24 Novemba 2024, dunia nzima, kwa kila mita ya mfumo huo. Wengi wetu tunakumbuka meseji za mwaka ule zilizoleta mafungu matatu ya tarakimu 20 badala ya fungu moja: mawili ya kuigeuza mita, la tatu ndilo umeme wenyewe.

Sasa tazama mita hiyo ya zamani inavyofanya kazi. Inasikia, lakini haina mdomo. TANESCO inajua mita fulani imenunuliwa uniti ngapi na lini. Haijui ulipiga pasi saa ngapi, haijui kama usiku wa manane taa ya chumbani ilikuwa inawaka, haijui kama umesafiri. Kufuli lake ni gumu kweli, kwani usipolipa unakaa gizani, na hakuna wa kumbembeleza. Lakini halina jicho. Sidhani kama waliolibuni walikuwa wanafikiria faragha ya mwanakijiji. Walikuwa wanatafuta mita inayofanya kazi mahali pasipo na mtandao wa simu. Faragha ilipatikana kwa sababu ya uhaba, na ikatuhudumia miaka 30.

Mita janja zinazokuja kuchukua nafasi yake zina mdomo. Faida yake siikatai: hitilafu inaonekana kabla mteja hajapiga simu, mwizi wa umeme anabainika, tokeni inaingia bila kubonyeza chochote. Mhandisi George Hart wa chuo cha MIT, Marekani, alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba kwa kuutazama mstari mmoja tu wa matumizi ya nyumba, unaweza kutambua kila chombo kinapowashwa na kuzimwa, kwa sababu friji lina alama yake na pasi ina ya kwake. Na huyo huyo, mwaka 1989, aliandika onyo kwamba chombo alichokibuni kinaweza kugeuzwa kuwa upelelezi. Miaka 20 baadaye, Aprili 2009, Seneti ya Uholanzi ilikataa muswada wa kuilazimisha kila nyumba ifungwe mita janja. Muswada ulirudi baadaye ukiwa na haki ya mwenye nyumba kusema hapana.

Uhamishie mstari huo wa matumizi Runzewe. Mashine ya kusaga nafaka itaonekana, na karasha la kusagia mawe ya dhahabu litaonekana, siku lilipofanya kazi usiku kucha na siku liliponyamaza. Nyumba iliyozima kila kitu siku tatu mfululizo ni nyumba isiyo na mtu. Mwizi angelipia habari hiyo.

Wapo watakaosema ni hofu za Ulaya. Basi tuchukue jambo la hapa hapa. Tarehe 20 Agosti 2021, kodi ya majengo ilianza kukatwa kwenye LUKU. Shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, na viwango vilipandishwa tena katika bajeti ya 2023/24. Kodi yenyewe ni halali na serikali ina haki ya kuikusanya. Kilichonigusa ni kilichoupata ule mtambo ukutani. Mita iliyofungwa ili kuuza umeme iligeuzwa daftari la majengo, na mtu aliyeonekana kwenye daftari hilo alikuwa yule anayenunua umeme. Mara nyingi huyo ni mpangaji. Akakatwa yeye, kisha akaelekezwa amalizane na mwenye nyumba kwenye pango. Wenye mita mbili katika jengo moja walikatwa mara mbili hadi walipokwenda kulalamika. Mita haikukosea. Ilijibu swali ambalo haikutengenezwa kulijibu, na ikajibu vibaya.

Kwa lugha ya sheria za faragha, hilo linaitwa mabadiliko ya kusudi. Taarifa iliyokusanywa kwa jambo moja inatumiwa kwa jingine, na mwenye taarifa anajua siku anapokatwa. Ikiwa hilo lilifanyika hadharani, likapita bungeni na kutangazwa redioni, yale yasiyotangazwa yatakuwaje?

Ukanda huu una sababu zake za kuogopa kuonekana, na mtu anayeleta mradi hapa bila kuzijua hajafika. Tangu karibu 2007, watu wenye ualbino walianza kuwindwa na kuuawa katika mikoa ya ziwa, Shinyanga ikiwa miongoni mwa iliyotajwa sana. Wazazi waliwapeleka watoto wao kuishi katika kituo cha Buhangija, Shinyanga, kwa sababu nyumbani kulijulikana mno. Vikongwe nao wameuawa kwa kuwa na macho mekundu, macho yaliyoivishwa na moshi wa kuni na samadi kwa miaka 60 ya kupika. Kwa familia hizo, habari ya nani analala wapi, na usiku gani hakuna mwanamume nyumbani, ilikuwa siri ya uhai. Usiniambie kwamba faragha ni anasa ya wenye nacho. Hapa maskini ndiye aliyeilipia kwa damu.

Na ni hapa hapa serikali ilipofanya jambo ambalo kwangu ni somo kubwa la udhibiti wa taarifa. Machi 2009, katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, wananchi waliitwa kupiga kura ya siri kuwataja waliowashuku kwa mauaji hayo. Mtu alichukua karatasi, akaandika, akakunja, akatumbukiza. Sanduku lilijua kilichosemwa, halikujua nani amekisema, na bila kutokujua huko lingekuwa tupu, kwani nani angesimama mbele ya jirani yake muuaji amtaje kwa sauti? Udhaifu ulikuwepo: mwenye kisa na mwenzake angeweza kuandika jina la asiye na hatia, na hakuna wa kumuuliza. Ukanda uliozaa sungusungu, ulinzi wa jadi wa vijiji, mwanzoni mwa miaka ya 1980 unajua vizuri jina linavyoweza kumuua mtu kabla ya ushahidi. Lakini umbo la jambo lenyewe lilikuwa sahihi. Ruhusa ya kushiriki ilidhibitiwa, mtu mmoja karatasi moja, na jina lake likalindwa kwa wakati mmoja. Sanduku liliyaweza yote mawili.

Tukija kwenye dhahabu, mambo yanafuata mkondo huo huo. Soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na mengine yakafuata nchini. Mwaka ule mrabaha ulikuwa asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1, na ili vilipwe, lazima iandikwe nani ameleta gramu ngapi. Kumbukumbu hiyo ni ya lazima na imeleta mapato yaliyokuwa yakivuka mpaka mifukoni mwa watu. Lakini kila mchimbaji anajua safari ya hatari kuliko zote ni ile ya kutoka sokoni na pesa. Kifungu cha habari kinachosema fulani kauza leo, kiasi hiki, ni sawa na kumwelekeza jambazi mlango. Katika mji mdogo, mizani inayotuma vipimo vyake mahali fulani ni lazima ijulikane inatuma kwa nani.

Wataalamu watajibu kwamba majina huondolewa. Ni kweli, na mara nyingine inatosha. Mwaka 2009 ilichapishwa kazi iliyotumia kumbukumbu za simu za wateja wapatao 770,000 wa Zantel, bila majina, kukadiria wasafiri wanavyoweza kuirudisha malaria Zanzibar. Mwaka 2012 watafiti wengine walitumia kumbukumbu za karibu Wakenya milioni 15, za kati ya Juni 2008 na Juni 2009, wakaonyesha vimelea vinavyosafiri na watu kutoka mwambao wa Ziwa Victoria kwenda Nairobi. Hizo ni kazi za manufaa, na kilichochapishwa ni mikondo ya watu wengi, hakuna aliyeweza kujiona humo. Lakini mwaka mmoja tu baadaye, 2013, uchunguzi wa simu za watu milioni moja na nusu katika nchi moja ya Ulaya kwa miezi 15 ulibaini kwamba ukijua mahali panne tu alipokuwa mtu na saa alizokuwa hapo, unaweza kumtofautisha na wengine wote katika asilimia 95 ya hali. Hiyo ni nchi yenye miji mikubwa na umati. Kwenye kitongoji cha kaya 40, ambako kila mtu anamjua mwenye pikipiki nyekundu, mahali pamoja panatosha.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao huwa hautajwi kabisa, nao ndio unaonikosesha usingizi zaidi. Tunapozungumza juu ya faragha tunamfikiria anayepimwa. Tumsahau kwa muda, tumfikirie anayeuliza.

Katika machimbo, swali lenyewe ni taarifa. Mchimbaji mzoefu akionekana anadadisi habari za kijito fulani, wiki haiishi kabla ya watu mia kufika na sururu, na rashi imeanza. Aliyeuliza ameshanyang'anywa alichokuwa akikitafuta kwa kule kuuliza tu. Tuseme basi mradi unakuja Runzewe na kufunga vihisi kwenye visima na vijito, kupima kina cha maji na uchafu wake, jambo ninaloliombea sana kwa sababu zebaki inayotumika kukamatia dhahabu haiishii kwenye karai. Data ziko kwenye seva, na ili zisivurugwe, kila anayezisoma anajisajili kwa namba ya simu. Mama anauliza juu ya kisima kilicho nyuma ya nyumba yake. Mwenye mwalo anauliza juu ya kijito alichokichimbia pembeni. Mnunuzi wa mashamba anauliza juu ya bonde zima. Mwenye seva, bila kuchimba hata futi moja, sasa ana ramani ya hofu za watu na mipango yao. Mama akijua hilo hatauliza tena. Data za kumlinda zitakaa pale, hazisomwi.

Mtu akisema haiwezekani kudhibiti msomaji bila kumjua, nitamwonyesha vocha ya kukwangua. Uliingia dukani, ukatoa shilingi 1,000, ukapewa kikaratasi. Mwenye duka hakuuliza jina wala namba. Kampuni ilipoiona namba ya siri iliyokwanguliwa ilijua mambo mawili tu: vocha ni ya kweli, na haijawahi kutumika. Linganisha na kurushiwa salio na wakala, namba yako ikitamkwa mbele ya foleni na kuandikwa kwenye daftari la kurasa 96. Kwa miaka mingi madaftari ya mawakala wa pesa za simu yalikaa wazi mezani, jina, namba, kiasi na sahihi, na mabinti wengi wanajua maana ya kupigiwa simu usiku na mtu aliyeitoa namba humo. Huko India, mwaka 2017, gazeti la Hindustan Times liliripoti kwamba namba za wasichana zilikuwa zikiuzwa kwenye vibanda vya salio katika jimbo la Uttar Pradesh, kwa rupia 50 hadi 500, bei ikifuata uzuri wa mwenye namba.

Vocha ilikuwa na kasoro, kwani ukishaiingiza kampuni inajua ni laini gani imeipokea, na tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, laini ni mtu. Lakini hesabu ya kuliziba tundu hilo ipo, na si mpya. David Chaum, Mmarekani, aliieleza mwaka 1982, na mfano wake ni wa karatasi ya kaboni, ile ya bluu tuliyoitumia kuandikia stakabadhi. Unaandika namba yako mwenyewe kwenye kikaratasi, unakitia kwenye bahasha iliyowekwa kaboni ndani, unaifunga. Unalipa, na mwenye mradi anagonga muhuri juu ya bahasha bila kuifungua. Muhuri unapenya kupitia kaboni hadi kwenye kikaratasi. Ukifika nyumbani unakitoa. Siku ukienda kusoma data, unaonyesha kikaratasi: mwenye mradi anautambua muhuri wake, anajua umelipa, anaiandika namba ile ili isitumike mara ya pili. Hawezi kujua ni bahasha ya nani aliyoigonga, kwa sababu namba hakuwahi kuiona. Mwishoni mwa muongo wa 2000, watafiti wa mitandao ya vihisi waliichukua hesabu hiyo kwa ajili ya swali hili hili la msomaji. Ina gharama zake, hasa pale kidude chenye betri ndogo kinapotakiwa kukumbuka vikaratasi vyote vilivyokwisha kutumika. Bado ni kufuli lisilo na jicho, na limebuniwa tangu kabla wengi wa vijana wa stendi ya Runzewe hawajazaliwa.

Kwa nini basi halimo kwenye miradi yetu? Nimezunguka kwenye miradi kiasi cha kuweza kujibu, na jibu halihusu teknolojia. Katika wilaya moja nisiyoitaja niliingia ofisi ya mradi wa maji wa kulipia kabla. Nenosiri la mfumo lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha boksi na kubandikwa juu ya meza, kwa nia njema kabisa: fundi alikuwa mmoja, akiugua lazima mwingine aweze kuingia. Orodha ya kaya zilizoishiwa salio ilikuwa inapigwa picha kila wiki na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, ili wadaiwa waone haya. Mjane mmoja alikuwa humo kila wiki. Kijiji kizima kilijua siku ambazo hakuwa na shilingi ya ndoo. Nilipouliza nani aliamua orodha iwekwe hadharani, hakuna aliyekumbuka. Nilipouliza mkataba unasemaje, ulikuwa makao makuu, kwa Kiingereza.

Hapo ndipo mpango unapoachana na ardhi. Mwandishi wa mradi aliandika kwamba data zitasimamiwa kwa mujibu wa taratibu, na kila aliyefuata akadhani taratibu ziko kwa mwenzake. Mfadhili alihesabu mabomba. Kampuni ilihesabu malipo. Kamati ya maji ilirithi kompyuta. Sheria ya maji Na. 5 ya 2019 iliyoanzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, ilivipa vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii kazi ya kuendesha miradi, na mimi nauheshimu uamuzi huo, kwa sababu mwenye kiu ndiye mwangalizi mzuri wa bomba. Lakini kamati ya watu wachache wanaofanya kazi karibu ya kujitolea haikufundishwa kuwa mlinzi wa siri za kaya 600. Halafu mradi unafika mwisho wake. Vifaa vinaendelea kutuma. Seva iko nchi nyingine, na mtu aliyekuwa na funguo zake ameajiriwa kwingine.

Sheria hatukosi. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na makazi yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Sheria hiyo inataka taarifa ikusanywe kwa kusudi lililotajwa, isizidi kusudi hilo, isikae kuliko inavyohitajika, na ilindwe. Inampa mtu haki ya kujua nini kinashikiliwa juu yake, na inagusa hata usafirishaji wa taarifa nje ya nchi. Ina vipengele vya msamaha, ukiwamo wa usalama wa taifa, na hivyo vitahitaji kutazamwa na wabunge na mahakama kwa macho makavu. Lakini upungufu mkubwa ninaouona uko kwingine. Sheria iko Dodoma na Dar es Salaam, na orodha ya wadaiwa iko kwenye simu ya mjumbe. Hakuna mkaguzi atakayesafiri hadi Runzewe kwa ajili ya kipande cha boksi kilichobandikwa ukutani.

Kwa hiyo kazi inabaki kwa wale watakaokaa kwenye mkutano wa kijiji siku mradi unapotambulishwa, na siku hiyo huwa moja tu. Wageni watakuja na gari jeupe, watasifu, watagawa maji ya chupa, wataonyesha mita inavyotoa maji kwa kugusishwa. Hesabu ya gharama itasomwa. Mikono itainuliwa kukubali. Kabla haijainuliwa, wazee na akina mama wa Runzewe, Uyovu, Ushirombo na kila kitongoji cha ukanda huu, simameni muulize nani ataona siku mliyochota na siku mliyokosa, kwa muda gani, na mradi ukiisha funguo za seva zinabaki kwa nani. Waambieni wafungue ukurasa ulioandikwa hayo, wausome kwa Kiswahili. Kama haupo, mkutano uahirishwe mpaka uandikwe.